Kansa Inaanza Kupimwa Kwenye Kichupa



Leo siasa tuiweke pembeni, na Simba na Yanga wapumzike. Nataka tuongee kuhusu kinyama. Sio cha mshikaki! Nazungumzia kile kinyama ambacho daktari anakikata kwenye uvimbe, anakitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa, halafu ndugu wanaambiwa "subirini majibu".

Msimamo wangu nautoa mapema. Tunapiga kelele sana kuhusu mashine za kisasa za kansa, kichupa tunakisahau. Na kinyama kikiharibikia kwenye kichupa, mashine ya mabilioni haitakuwa na cha kusoma.

Darasa kidogo kwanza. Karibu kila seli ya mwili wako imebeba kromosomu, na kila kromosomu imebeba jeni nyingi. Sisi wa Dodoma treni tunazijua, basi ichukulie kromosomu kama treni na jeni kama behewa. Kuna behewa linaitwa MYC, kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike. Linakaa kwenye kromosomu namba 8. Sasa kuna kansa ya watoto inaitwa Burkitt, mara nyingi inavimbisha taya au tumbo. Kwa wagonjwa wengi, MYC imekatika kutoka namba 8 ikaungwa kwenye namba 14, nyuma ya kichwa cha treni kisichozimwa. Matokeo yake seli zinagawanyika bila breki. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Hilo behewa lililohama linaonekanaje? Wataalamu wanakata kipande chembamba sana cha kinyama kilichohifadhiwa, wanakipaka vinasa vya rangi mbili, nyekundu upande mmoja wa jeni na kijani upande wa pili. Jeni ikiwa nzima rangi zinashikana. Ikiwa imekatika, rangi zinaachana. Wanahesabu seli kwa hadubini maalumu, basi.

Utauliza, kwani hadubini ya kawaida haitoshi? Mara nyingi inasaidia sana, lakini kuna kansa kadhaa za watoto ambazo zikipakwa rangi ya maabara zinafanana kama mapacha: viseli vidogo vya duara, vya bluu. Burkitt imo, na kansa ya mifupa ya Ewing imo pia. Ewing nayo ina jeni yake iliyokatika, EWSR1, kwenye kromosomu namba 22. Dawa zake sio zile za Burkitt. Ukikosea jina umekosea dawa, na mtoto hana muda wa kusubiri ujaribu tena.

Sasa turudi kwenye kichupa. Kinyama kinatakiwa kiingie mapema kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa isiwe na asidi, na dawa iwe nyingi, kama mara 10 ya kinyama. Kikae humo kati ya masaa 6 na 72, kisha kigandishwe kwenye nta. Kikifanyiwa hivyo, kile kidonge cha nta kinaweza kukaa kabatini miaka na bado kikasomeka. Lakini kikichelewa kuingia kinaoza. Fomalini ikiwa na asidi, DNA inakatikakatika. Kikisahauliwa humo wiki kadhaa, napo ni balaa. Hapo hata ukikipeleka London watakwambia hakisomeki.

Na London wanavijua vinyama vyetu siku nyingi! Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari Afrika Mashariki hadi Kusini, Tanganyika ikiwemo, kuchora ramani ya ugonjwa. Vinyama kutoka Uganda vilisafirishwa kwa ndege hadi kwa Anthony Epstein, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Dunia ilijifunza kansa kupitia watoto wetu. Leo katika nchi tajiri watoto wengi wenye Burkitt wanapona. Je, mtoto wa Mkonze naye?

Najua kuna mdau atasema, "Panadol zenyewe shida, wewe unaleta habari za jeni?" Namuelewa. Lakini fomalini nzuri, kichupa chenye mfuniko na lebo iliyoandikwa saa ya kukata kinyama sio anasa. Ghali ni kumpa mtoto dawa kali za kansa isiyo yake. Mwingine atasema kipimo cha damu kinakuja. Kweli, watafiti wa Muhimbili, Uganda na Oxford kwenye mradi wa AI-REAL wamekuwa wakitafuta vipande vya DNA ya uvimbe kwenye damu. Ni habari njema. Lakini kipimo kipya unakiamini baada ya kukilinganisha na kinyama kilichohifadhiwa vizuri. Tunarudi palepale.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Moja, kila hospitali yenye chumba cha upasuaji iwe na fomalini sahihi na mtu anayewajibika nayo. Mbili, kinyama ndicho kisafiri, sio mama na mtoto kulala kwenye korido Dar, kilomita zaidi ya 400 kutoka hapa, wakisubiri karatasi. Tatu, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, hapahapa Dodoma. Basi kipimo cha kinyama, hadi cha jeni, kihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu.

Siku ya kuzindua mashine, utepe unakatwa na kamera zinajaa. Kichupa hakizinduliwi. Lakini siku ukiambiwa mwanao amekatwa kinyama, uliza: kimewekwa kwenye dawa gani, saa ngapi, kinakwenda wapi? Ni haki yako.

Nawasilisha.