Mtoto Aulizwe, Asishtakiwe

Mzazi wa Kisarawe amwonapo mtoto wake anatetemeka kwa homa, humpakia baiskeli akampeleka zahanati. Lakini mtoto huyo huyo akisema amechoka kuishi, mzazi hunyamaza, au humwambia aache ujinga. Ndugu, huo si ujinga. Shirika la Afya Duniani lahesabu watu zaidi ya 720,000 wanaojiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ni sababu ya tatu ya vifo.

Wengi huogopa kwamba kumwuliza kijana habari ya kufa ni kumtia wazo hilo kichwani. Si kweli. Waganga wamelichunguza jambo hili, na imeonekana kuwa kuuliza kwa upole humpunguzia mzigo. Basi aulizwe faraghani, tena waziwazi: Je, umetamani kufa? Umekwisha panga namna? Umewahi kujaribu? Aliyewahi kujaribu ndiye wa kuangaliwa zaidi. Ajikataye ngozi huenda hataki kufa, lakini naye asidharauliwe. Mwenye mpango asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa za mikorosho zifungiwe mbali naye, apelekwe hospitali. Kibaha ipo Tumbi. Simu ya Mtoto, namba 116, hupigwa bure. Na mwenye kiwanda asimkate mshahara mfanyakazi aliyeomba ruhusa kwa ajili hiyo.

Lakini kuna jambo linalotuudhi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu chasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Mzazi gani atamtoa mwanawe hadharani, ikiwa nyuma ya mganga amesimama polisi? Waingereza waliotuachia sheria hiyo waliifuta kwao Agosti 1961, miezi minne kabla hatujajitawala. Sisi tungali nayo! Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kama hicho chapingana na Katiba. Hatuoni Bunge letu langoja nini.

Hata hivyo walimu wa Kibaha na Kisarawe hawana haja ya kulingoja Bunge. Kila shule na iwe na mwalimu mmoja ambaye wanafunzi wanajua kwamba akiambiwa siri hii hatashika fimbo, wala hataitangaza mstarini asubuhi, bali atafuatana na mtoto hadi kwa mganga siku ile ile.