Teksi ya Jioni Mwihoko: Kabla Hujawasha Apu, Piga Hesabu

Jirani yetu mmoja hapa Mwihoko ana kazi ya ofisi mjini na Demio aliyomaliza kuilipia. Jioni moja alituonyesha simu yake. Alikuwa ameendesha teksi ya apu kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa nne usiku, na nauli zilizoingia zilikuwa shilingi 2,400. "Hii pesa si ilikuwa inanipita tu barabarani?" akasema. Tulimpongeza. Wiki chache baadaye tulimkuta kwa fundi, matairi mawili yameisha, akiuliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo.

Swali lake ndilo tunaloulizwa sana na wateja wetu walio na kibarua cha mchana na gari linalolala nje ya ploti: je, kuendesha teksi ya apu kwa muda wa ziada kunalipa? Maoni yetu ni haya: inalipa kama gari ni lako na unabeba abiria wa njia unayopita hata hivyo. Ukikopa gari ili ulifanyie teksi ya jioni, tunaona unajitafutia shida.

Uzuri upo, tusikatae

Tangu Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015, kisha Taxify ambayo leo ni Bolt, na Little mwaka 2016, hii ni miongoni mwa kazi chache ambazo unaanza na kuacha unapotaka. Hakuna meneja wa kukuuliza mbona jana hukuja. Mtoto akiugua, unazima simu. Karo ikikaribia, unaongeza masaa. Kwa mtu anayengoja mshahara wa mwisho wa mwezi, kuona pesa ikiingia kwa simu Jumanne usiku ni afueni kubwa.

Mwihoko nayo ina wateja wake. Kuna wanaowahi hospitali ya rufaa ya Kenyatta University alfajiri, wanaotoka na mizigo soko la Githurai, wanaoenda uwanja wa ndege na hawataki kubadilisha matatu mara tatu, na wale wa Jumapili na watoto wadogo. Mvua ikinyesha, hata aliyezoea boda anatafuta gari.

Lakini ile 2,400 si yako yote

Hapa ndipo wengi hukosea. Nauli iliyoingia kwa simu ni mauzo. Faida ni kile kinachobaki. Tuchukue jioni ya jirani yetu tuihesabu polepole. Makadirio haya ni ya mfano, wewe weka ya gari lako.

Nauli zote: 2,400. Kanuni za serikali za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha kamisheni ya kampuni za apu kuwa asilimia 18, kwa hivyo ondoa 432. Zinabaki 1,968. Alizunguka kilomita 70, na hapo tumehesabu zile za kumfuata abiria na za kurudi bila mtu. Gari likila lita moja kwa kilomita 14 na lita ikiwa shilingi 180, mafuta ni 900. Zinabaki 1,068. Weka shilingi 5 kwa kila kilomita za oili, breki na matairi, hiyo ni 350. Zinabaki 718. Bando, kuosha gari na chai, tuseme 100. Mkononi ana shilingi 618.

Gawanya kwa masaa manne na nusu: ni kama shilingi 137 kwa saa. Akifanya jioni tatu kwa wiki, kwa mwezi atapata kama 7,400. Hapo bado hajalipa tofauti ya bima, ukaguzi wa gari na leseni. Akitenga 2,500 kila mwezi kwa hayo, anabaki na 4,900 hivi.

Si pesa ya kudharau. Inalipa stima, maji na mchango wa chama. Ila si ile 2,400 ya kila jioni iliyokuwa ikimwashia macho. Na mafuta hayakai bei moja: EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, na Septemba 2023 lita ya petroli ilipita shilingi 200 Nairobi. Siku bei inapanda, nauli ya apu haipandi nayo. Ndiyo maana mwaka 2024 madereva wengi wa Nairobi walianza kuwaonyesha abiria orodha yao wenyewe ya nauli, iliyo juu kuliko ya apu. Abiria walilalamika, na tunawaelewa. Lakini ukishapiga hesabu kama hii, unawaelewa madereva pia.

Safari ya kurudi nyumbani ndiyo yenye faida

Sasa geuza mpango. Unatoka kazini Westlands na unakuja Mwihoko hata usipobeba mtu. Mafuta ya safari hiyo utayachoma tu. Baadhi ya apu zinakuruhusu kuchagua upande unaoelekea, upewe abiria wa njia hiyo peke yake. Tuseme umepata wawili, mmoja wa Roysambu na mwingine wa Kahawa, jumla ya nauli 1,100. Ondoa kamisheni ya 198, zinabaki 902. Umeongeza kilomita 12 tu juu ya njia yako ya kawaida: mafuta kama 155, uchakavu 60. Unafika nyumbani na 687, na umechelewa kwa saa moja na nusu.

Ziangalie tena hesabu hizo mbili. Saa moja na nusu imekupa zaidi ya masaa manne na nusu, na umekula chakula cha jioni na watoto. Ukweli ni kwamba siku nyingine hutapata abiria wa upande wako, na jam ya Githurai haina heshima kwa mtu. Lakini siku hiyo hujapoteza kitu, kwa sababu ulikuwa unaenda nyumbani.

Mambo matatu yanayoumiza

La kwanza ni bima. Bima ya gari la kibinafsi haikusudii abiria wa kulipa. Ukigonga ukiwa na abiria wa apu, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na deni la gari la watu pamoja na hospitali likawa lako. Unahitaji bima ya gari la abiria, leseni ya PSV, cheti cha tabia njema na ukaguzi wa NTSA. Kuna watu watakwambia "wengi hawana na wanafanya." Kweli wanafanya, hadi siku ya ajali.

La pili ni mkopo. Tumeona mtu akichukua gari kwa mkopo wa kulipa kila wiki, akidhani teksi ya jioni italipa. Chukua deni la 6,000 kwa wiki: ni 24,000 kwa wiki nne. Linganisha na ile 4,900. Pengo linatoka wapi? Linatoka kwa mshahara, kisha kwa mikopo midogo ya simu, kisha gari linachukuliwa. Sisi tunafanya kazi kwa kampuni ya pesa na bado tunakwambia: usikope kwa ajili ya hili. Afadhali uwe skwodi wa mtu wikendi, ujue kazi ilivyo kabla hujajifunga.

La tatu ni uchovu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu au jam, akafanya kazi siku nzima, saa tano usiku kwenye Thika Road macho yake si ya kuaminika. Weka saa ya kuzima apu, na mwambie mtu wa nyumbani uko upande gani.

Linda pesa ya simu

Hapa ndipo kwetu, na makosa tunayoyaona ni yale yale.

Tenga laini au akaunti ya teksi. Ukichanganya nauli na mshahara na pesa ya chama, hutajua kama unapata au unapoteza. Mwisho wa mwezi taarifa ya akaunti hiyo ndiyo daftari lako, na itakusaidia pia ukijaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni.

Usiamini ujumbe wa abiria, amini salio lako. Akikuonyesha simu yake na kusema "nimetuma", ngoja ujumbe wako uingie kisha uangalie salio. Ujumbe wa kughushi hufanana na wa kweli. Na mtu asiyekujua akipiga simu ati ametuma kimakosa, umrudishie haraka, usitume. Mwambie afuate utaratibu wa kampuni ya kurudisha pesa.

Kumbuka kamisheni ya pesa taslimu. Abiria akikulipa noti, kamisheni ya apu bado iko, inakungoja kama deni. Wengi hutumia noti zote, kisha wanashangaa akaunti imefungwa. Kila jioni weka sehemu ya noti hizo kwa simu kabla hujapita dukani.

Na kila safari ikiisha, hamisha pesa ya matairi na oili kwenye akiba. Shilingi 5 kwa kilomita ni kidogo ukiitoa leo. Ukiingoja hadi kwa fundi inakuwa elfu kumi na tano kwa mkupuo.

Basi ufanye au usifanye?

Kama gari ni lako, karatasi ziko sawa, na utabeba abiria wa njia yako ya kila siku, fanya. Kama itabidi ukope gari, au ukeshe ili hesabu ikubali, acha. Na kama uko katikati, jaribu mwezi mmoja ukiandika kila kilomita na kila shilingi, kisha uamue kwa ulichoandika.

Jirani yetu bado anaendesha, ila sasa ni safari za kurudi nyumbani tu na Jumapili asubuhi. Matairi alilipia kwa awamu mbili. Tulipomuuliza wiki iliyopita anapata ngapi, hakutuonyesha nauli zilizoingia. Alitufungulia akaunti ya akiba ya gari.