Ndugu Mkurugenzi, ng'ombe wa Kikwe wachomwe shingoni

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Meru,
Usa River.

Yah: Uvimbe wa sindano kwa ng'ombe

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo mpita njia halioni, lakini mchuuzi wa ng'ombe hulijua kabla hajauliza bei. Hupitisha kiganja pajani, kwenye tako, begani. Akikuta donge hulibonyeza, akamtazama mwenye ng'ombe, na hapo bei imeshashuka. Mwenye bucha naye akipasua paja akakuta usaha, au nyama iliyogeuka kovu gumu jeupe, hukata akatupa, na safari nyingine hulikwepa boma hilo.

Kijiweni tunaambiana kwamba ni dawa feki, au damu mbaya ya ng'ombe, au jicho la jirani. Ukweli ni kwamba madonge mengi tunayatengeneza wenyewe kwa jinsi tunavyochoma sindano. Naomba Halmashauri itusaidie kuacha.

Tuanze na dawa ya OTC (oxytetracycline) ya asilimia 20, ile inayokaa mwilini siku kadhaa. Kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 30. Dawa za namna hii kwa kawaida huelekezwa zisizidi mililita 10 mahali pamoja, maana yake ng'ombe huyo achomwe sehemu tatu. Sasa angalia kinachofanyika zizini. Kijana mmoja amekamata pua, mwingine anavuta mkia, kamba imezungushwa kwenye mti wa mjohoro. Bomba la mililita 20 linajazwa na kumiminwa lote kwenye tako. Linajazwa tena nusu na kurudishwa palepale, kwa kuwa hakuna anayetaka kuanza upya upande wa pili na ng'ombe ameshaanza kurusha mateke. Dawa hiyo huunguza nyama. Ikijazana mahali pamoja, huua misuli inayoizunguka. Sindano ikiwa imepita kwenye kinyesi kilichoganda juu ya ngozi, hapo ni jipu.

Halafu kuna sindano yenyewe. Inaanza na ng'ombe wa kwanza na kumalizia na wa mwisho, pengine inahamia boma la pili. Ikipinda inanyooshwa kwa vidole na kazi inaendelea, ingawa sindano iliyowahi kunyooshwa ndiyo hukatikia ndani ya nyama. Ikiwa butu hairarui ngozi tu, inasukuma uchafu na unywele ndani. Na sindano hiyohiyo iliyotoka kwenye mwili wa mnyama inarudishwa kwenye kizibo cha chupa kuchota dawa ya mwenzake, kwa hiyo chupa nzima inachafuka. Dawa ya hili ni kuacha sindano moja safi imechomekwa kwenye kizibo, ya kuchotea tu, na kila unapokuja na bomba unalichomeka hapo.

Miongozo ya nje huruhusu sindano moja kwa ng'ombe 10 hadi 15. Kwa nchi yenye kupe kama yetu mimi sikubaliani nayo. Ndigana baridi husafiri na damu, na sindano yenye damu hufanya kazi ya kupe. Kila ng'ombe na sindano yake. Zile za chuma zichemshwe dakika 20 zirudi kazini. Ila anayebeba chanjo hai asizisafishe kwa spiriti au dawa ya kuua wadudu, maana mabaki yake yataiua chanjo kabla haijafika mwilini.

Mahali pa kuchoma ni shingoni: nyuma ya sikio ukiteremka, chini ya ukano wa juu wa shingo, juu ya mfupa wa shingo, na ubaki kiganja kimoja mbele ya bega. Kwenye tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, na ndama wembamba wamewahi kuburuza mguu maisha yao yote kwa sindano ya tako. Kisha kuna suala la nyama. Wamarekani walipoanza kukagua ubora wa nyama yao miaka ya 1990 waligundua kwamba makovu ya sindano yamejaa kwenye steki za nyuma, zile za bei kubwa, na kwamba nyama huwa ngumu hata sentimita kadhaa nje ya kovu. Wakahamishia sindano shingoni, na makovu yakapungua sana ndani ya miaka michache. Haikuhitaji dawa mpya. Na pale lebo inaporuhusu dawa ipite chini ya ngozi, basi ngozi ivutwe kama hema, sindano fupi iingie hapo, misuli ibaki salama.

Ndugu Mkurugenzi, kwa nini mambo ya zizini yafike mezani kwako? Kwa sababu ya chanjo. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambayo kwa ng'ombe inalenga homa ya mapafu, na mfugaji anachangia shilingi 500 kwa kila ng'ombe. Ni kazi njema. Lakini chanjo ya homa ya mapafu ina historia yake. Mbegu ya T1/44, iliyotumika Afrika kwa miongo mingi, ilipatikana hapahapa Tanganyika mwaka 1951, na kwa kuwa ni kijidudu hai kilichofifia, baadhi ya ng'ombe huvimba pale walipochomwa, wiki mbili au tatu baadaye. Mwaka 1852, Mbelgiji Louis Willems alikuwa akichanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa huohuo kwenye ncha ya mkia, akijua kwamba hapo hata pakivimba sana hasara ni mkia.

Mfugaji asiyeambiwa hili mapema ataona donge, atakumbuka ng'ombe wake aliyetoka usaha baada ya sindano ya mtaani, na msimu ujao ataswaga ng'ombe kwenda kwa shemeji yake wachanjaji wakifika. Kwake madonge yote ni mamoja. Angeambiwa kwamba donge dogo, gumu, lisilo na joto hunywea lenyewe, ila lenye moto linalozidi kukua linataka mtaalamu na si kisu cha jikoni, angebaki. Wafugaji wa mkoa huu si wagumu wa kulipa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wengi wamenunua chanjo ya ndigana kali kwa fedha zao, na ni ghali, kwa kuwa waliona ndama wakipona.

Ninachoomba ni vitu vitatu. Kwanza, kila kitongoji kipate kibanio cha mbao, njia nyembamba ya kumshikilia ng'ombe mmoja mmoja. Bila hicho, yote niliyoyasema kuhusu shingo ni maneno matupu, kwani ng'ombe anayeruka huchomwa popote mkono unapofika. Mbao na vibarua tutatoa wenyewe, tunaomba bati, misumari na fundi wa kutuonyesha vipimo. Halmashauri zimeelekezwa kurudisha asilimia 15 ya mapato ya mifugo kwenye sekta hiyo, na kibanio ni matumizi halali ya fedha hiyo.

Pili, timu ya chanjo isitoke ofisini bila sindano za kutosha idadi ya ng'ombe. Sindano moja bei yake haifiki ya soda. Mkiona zile shilingi 500 za chanjo hazitoshi, tuiteni kwenye mkutano wa kijiji mtuambie, tutaongeza.

Tatu, wengi wanaotuchomea ng'ombe hawajaajiriwa na Halmashauri. Ni vijana wetu, wanaopigiwa simu usiku na kuja. Kuwafukuza hakutasaidia, maana usiku ule ng'ombe anapohema vibaya ndio wanaopatikana. Chuo cha mafunzo ya mifugo cha LITA kiko Tengeru, hapo tu. Waiteni siku mbili, wajifunze kibanioni na ng'ombe wa kweli mbele yao, kisha watakaofaulu wapewe utaratibu wa kusajiliwa kama Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inavyotaka.

Chanjo ya msimu ujao ikipangiwa tarehe, tangazo lije wiki mbili kabla, nasi tutakuwa tumeshasimamisha mbao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji, Kata ya Kikwe.