Mguu Nao Upewe Arobaini

Mtu akiuliza dawa ya kidonda cha mguu cha mwenye maradhi ya sukari, hakosi kujibiwa papo hapo. Huyu atamtajia asali, yule habasoda, wa tatu majani ya mwarobaini yaliyopondwa, na aliyerudi Mombasa juzi atataja marhamu ya bei kali aliyoiona katika duka la dawa. Sote twaanza na kupaka. Mimi si daktari, lakini nimefuatia kwa miaka kadhaa yanayoandikwa na mabingwa wa maradhi haya, na naona kwamba tiba mojawapo iliyothibiti zaidi haimo koponi wala chupani. Ni kuuondolea mguu uzito wa mwili. Kidonda kilicho wayoni ni shida kupona kikikanyagwa, ukipake utakacho.

Neno hili ukilisema mjini ni jepesi. Hebu lipeleke Chara. Huko, katika delta ya Mto Tana upande wa Garsen, mkulima wa mpunga huingia topeni miguu mitupu, kwani kiatu kikizama katika tope lile mwenyewe hukiacha humo. Mpunga ukishatoa mashuke kuna kazi ya kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua lichwe, na ndege hawamngojei mtu apone. Mfugaji wa Kiorma naye maisha yake ni mwendo. Wakati wa mafuriko, kama yale ya 1997 na 1998 au yale ya mwisho wa 2023, hata kutoka kijijini kwenda hospitali huwa ni jambo la mtumbwi na dua, maana mamba nao wamo. Mwambie mtu wa hali hii, "Kaa kitako wiki sita, usikanyage," naye atakuuliza ni nani atakayemwamia ndege. Wala hakosei kuuliza.

Lakini yafaa kwanza tujue kidonda hiki kwa nini ni kikaidi. Sukari ikizidi damuni kwa miaka mingi huiharibu mishipa ya fahamu, na ile ya miguuni hutangulia. Mguu hufa ganzi. Mishipa ya damu nayo huweza kuziba kidogo kidogo, hata ngozi ikikatika hakuna cha kuilisha. Mtu mzima wa afya akichomwa na mwiba huchechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakomponya, kwa sababu hupakwepa mahali panapouma. Mwenye ganzi hachechemei. Hukanyaga mwiba ule ule asubuhi na jioni, na siku atakapoona damu sakafuni uozo umeshafika mfupani.

Waswahili twasema panya huuma akipuliza. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa sukari nchini Tanzania waliotafunwa miguu na panya usiku wasijue mpaka kulipokucha. Ndipo ninapoona kwamba msemo wetu kwa wengine si fumbo. Na habari hii ina ndugu yake wa zamani. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alipokuwa akiwatibu wenye ukoma huko Vellore aliona vidole vyao vikitoweka usiku. Watu waliamini kwamba ukoma ndio uliokuwa ukila nyama. Ukakuta ni panya, na wagonjwa wakawa wanapewa paka wa kulala nao. Brand alishikilia kwamba nyama ya mwenye ukoma haiozi yenyewe. Inaumizwa kwa kuwa mwenyewe haisikii. Akawa anawafunga miguu yenye vidonda kwa plasta ngumu, kama anayofungwa aliyevunjika mfupa, ili uzito usambae mguu mzima usilalie pale penye kidonda. Alipohamia Carville huko Marekani mwaka 1966, ujuzi huo ukavuka kutoka kwa wenye ukoma ukaingia kwa wenye sukari.

Ujuzi wa bingwa mmoja hata hivyo si ushahidi. Ushahidi ulitafutwa kwa kura. Wagonjwa hugawanywa mafungu kwa kura, si kwa kuchagua, ili asije daktari akawapa dawa anayoipenda wale walio karibu kupona. Katika utafiti wa namna hiyo uliochapishwa Marekani mwaka 1989, wagonjwa 40 waligawanywa: 21 wakafungwa plasta, na 19 wakapewa matunzo ya kawaida ya kusafisha na kufunga kidonda, na kuambiwa wasikanyage. Katika wale wa plasta walipona 19. Katika wale wengine walipona 6. Na wale wa plasta walichukua, kwa wastani, siku 42.

Siku 42! Nilipoisoma hesabu hiyo sikufikiri habari za Marekani, nilifikiri habari za nyumbani. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa namna ya kumpumzisha mtu kwa muda huo. Mwanamke akijifungua hukaa arobaini yake. Hachoti maji wala hateki kuni. Mama, shangazi, wifi na majirani hugawana kazi zake, na atakayemwona mzazi wa siku kumi yuko shambani hatamlaumu mzazi. Atawalaumu watu wa nyumba ile. Basi mguu nao tuupe arobaini. Mgonjwa akisema amefungwa plasta, ukoo upange nani atakayeamia ndege, nani atakayepeleka ng'ombe malishoni, kama ambavyo hupanga kwa mzazi.

Nasema ukoo kwa sababu mgonjwa peke yake hataweza. Kuna pia kiatu kirefu cha kuvaa na kuvua, kinachoondoa uzito karibu sawasawa na plasta. Mwaka 2001 kikashindanishwa na plasta, na plasta ikashinda: karibu wagonjwa 9 katika kila 10 walipona kwa wiki 12, dhidi ya 6 au 7 kwa kiatu. Sababu ilikuja kujulikana mwaka 2003. Wagonjwa 20 walifungiwa kiunoni kipimo cha kuhesabu nyendo zao, na kingine kikafichwa ndani ya kiatu chenyewe. Ikadhihirika kwamba katika mwendo wao wote wa siku, kiatu kilikuwa mguuni kwa asilimia 28 tu. Nyumbani walikivua. Na hao ni watu wenye makochi ya kukalia na maji ya bomba, wasio na shamba la mpunga! Plasta ilishinda kwa kuwa haivuliki, wala si kwa ufundi mwingine.

Hapo najua msomaji wangu ana swali, nalo ni udhu. Mtu atafungwaje plasta wiki sita naye ana sala tano? Nimesikia wengi wakiikataa kwa sababu hiyo, na wengine kuivunja wenyewe. Jambo hili mafakihi walilimaliza karne nyingi kabla ya hospitali zetu kujengwa. Katika vitabu vya madhehebu ya Shafi limo chini ya jabira, yaani gango: huosha mtu palipo pazima, hupangusa maji juu ya gango, na hutayamamu kwa ajili ya palipofunikwa. Habari za kurudia sala au kutoirudia zina ufafanuzi wake, na sheikh wa karibu atakueleza. Mgonjwa ana ruhusa ya kusali ameketi vilevile. Ningependa maimamu wa Garsen na Kipini walihutubie hili Ijumaa moja, maana akilisema daktari huonekana anatafuta wepesi wa kazi yake.

Na kabla ya kidonda, udhu ni neema ambayo madaktari wa Ulaya wangeitamani. Wao huwasihi wagonjwa wautazame mguu mara moja kwa siku. Sisi mkono hupita juu ya mguu mara tano, na kidole hupita katikati ya vidole. Limebaki kutazama wayo, kukausha vizuri, na maji ya moto yapimwe kwa mkono wa mtu mwingine asiye na ganzi.

Ama asali, sina ugomvi nayo. Muislamu ameshaambiwa katika Sura ya Nyuki kwamba ina ponyo kwa watu. Lakini kuipima asali si kuitukana. Mwaka 2015 wataalamu waliokusanya majaribio yote ya asali juu ya vidonda waliona inasaidia kuponya baadhi ya majeraha ya moto upesi zaidi. Kwa kidonda cha mguu wa sukari ushahidi haukutosha kusema ndiyo wala siyo. Tazama inavyokwenda vijijini: aliyepaka asali akalala akapona, asali ikasifiwa, aliyepaka asali akaenda shamba akakatwa mguu, tukasema ni kudura. Hakuna aliyeuliza juu ya kulala na kwenda shamba. (Na asali yenyewe iwe asali. Ile ya barabarani nyingine ni sukari iliyochemshwa.)

Dawa za gharama nazo zipo. Bandeji moja ya Kifaransa ilijaribiwa kwa wagonjwa 240 wa Ulaya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: baada ya wiki 20 walipona 48 katika kila 100, dhidi ya 30 waliofungwa bandeji isiyo na dawa. Ni faida ya kweli. Ila mafungu yote mawili yalikuwa yamepewa kwanza matunzo mazuri pamoja na kuondolewa uzito mguuni. Bandeji ile ilikuwa kitoweo juu ya wali. Sisi twataka kununua kitoweo bila wali.

Nisieleweke vibaya. Plasta hii si ya kujifunga nyumbani. Hufungwa na mwenye ujuzi, hubadilishwa kila wiki moja au mbili, na mguu usiopata damu au uliooza haufungwi, kwani waweza kuharibika humo ndani bila mtu kuona. Yahitaji watu waliofunzwa. Tanzania ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua, wakafunzwa daktari na muuguzi pamoja, jozi kwa jozi, kisha wakarudi hospitali zao za mikoani.

Hesabu tulizo nazo ni za wale waliofika. Katika kliniki ya Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta wenye vidonda vya mguu ni asilimia 4.6 ya wagonjwa wa sukari 1,788. Mtu wa Chara anayeosha kidonda chake kwa maji ya mto hayumo katika hesabu hiyo. Na Pwani si wageni wa utafiti: KEMRI iko Kilifi tangu 1989, vyandarua vya mbu vilipimwa huko kwa kura, na watoto wa huko walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iliyokuja kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Watu wetu walikubali kura kwa ajili ya watoto wao. Watakubali kwa ajili ya miguu yao.

Basi utafiti ninaoutaka ni wa Chara yenyewe. Plasta ishindanishwe na akala iliyochongwa shimo mahali pa kidonda na kufungwa isivulike kwa urahisi. Ijulikane kipi hustahimili tope na maji, na kipi muuguzi wa zahanati aweza kukifanya bila kumngoja bingwa kutoka Mombasa. Na katika makadirio ya gharama za utafiti huo, kando ya pamba na dawa, uandikwe pia ujira wa mtu wa kuamia ndege.