Kisima cha Ubatizo Hakina Stakabadhi



Wapendwa waamini wa Kinole, wa vigango vya mlimani na vya bondeni, nanyi nyote mnaotusoma kutoka Morogoro mjini, Dar es Salaam na kwingineko.

Jumapili hii Mama Kanisa anaadhimisha Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Tunamwona Kristo akishuka katika mto Yordani, akisimama pamoja na wadhambi, yeye asiyekuwa na dhambi. Tulikusudia kuwaandikia tafakari tulivu juu ya mbingu zilizofunguka. Tumeshindwa. Juma hili tumeletewa habari iliyotunyima usingizi, nasi tumeona ni afadhali kuwaudhi baadhi yenu kuliko kunyamaza.

Mama mmoja kijana, mkulima wa ndizi na viungo, ambaye hatutamtaja jina wala kigango chake, alikwenda miaka miwili iliyopita kuomba mtoto wake abatizwe. Yeye mwenyewe alibatizwa akiwa mchanga, akapokea Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Hakuwa na ndoa, na baba wa mtoto alikuwa amekwisha kuondoka. Viongozi walifungua daftari, wakakuta anadaiwa zaka ya miaka mitatu na michango ya ujenzi. Wakamwambia alipe kwanza, kisha aje kuchukua barua. Hakurudi.

Mwaka jana walifika wahubiri wa dhehebu jingine na vipaza sauti vyao. Walifundisha kwamba ubatizo wa utotoni ni kulowanishwa utosi tu, na kwamba asiyezamishwa bado si Mkristo. Mama yule akazamishwa mtoni. Mtoto wake, kwa kuwa wahubiri wale hawabatizi watoto, aliwekewa mikono akaombewa, basi. Tazameni matokeo yake: kwa hesabu ya watu mama amebatizwa mara mbili, na mtoto hajabatizwa hata mara moja.

Waliotuletea habari hii walikuja wamewakasirikia wahubiri. Sisi nasi tumekasirika, lakini si juu ya wahubiri kwanza.

Wingi wa maji

Hata hivyo, tuwajibu wahubiri, maana wapo miongoni mwenu waliotikiswa na maneno yao. Kanisa Katoliki halidharau kuzamishwa. Kanuni ya 854 ya Sheria za Kanisa inataja njia mbili za kubatiza, kuzamisha na kumimina, na zote ni halali. Didake, kitabu cha kale sana cha mafundisho ya Wakristo, kinaelekeza kubatiza katika maji yanayotiririka. Yasipokuwepo, yatumike maji mengine. Na yakiwa haba, yamiminwe kichwani mara tatu kwa jina la Utatu. Ni dhahiri kwamba wazee wetu katika imani hawakuupima ubatizo kwa kina cha maji. Mlinzi wa gereza la Filipi, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 16, alibatizwa usiku ule ule pamoja na watu wake wote, na Mwinjili hasemi kwamba walikwenda kwanza kutafuta mto, wala hasemi kwamba wadogo wa nyumba ile waliachwa.

Tena ubatizo haurudiwi. Unamtia mtu alama isiyofutika, hata akiasi, hata akisahau. Ndiyo maana sisi wenyewe hatumbatizi upya Mlutheri wala Mwanglikana aliyekwisha kubatizwa kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu, anapoomba kuingia katika ushirika kamili nasi. Mama yule hakupungukiwa na maji. Alipungukiwa na ndugu wa kumkumbusha ubatizo alio nao.

Daftari na rehani

Sasa turudi nyumbani. Kanuni ya 868 inasema ni nini kinachotakiwa ili mtoto abatizwe kwa uhalali: ridhaa ya walau mmoja wa wazazi au ya anayeshika nafasi yao, na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika dini katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa na wazazi wanaelezwa sababu. Ni wapi katika kanuni hiyo pametajwa zaka? Hapapo. Ni wapi pametajwa cheti cha ndoa ya wazazi? Hapapo. Kinyume chake, kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai kitu chochote zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka husika, na inamtaka aangalie daima kwamba wahitaji hawakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.

Tunajua mtakalotujibu, maana tumelisikia vikaoni: “Baba Paroko, tusipowabana watu, hawatoi.” Tunakiri kwamba Kanisa linahitaji mali. Paa linavuja, katekista anapanda mlima kwa miguu, divai na mishumaa havioti shambani. Kanuni ya 222 inawawajibisha waamini kulitegemeza Kanisa, nasi ndio tunaosoma matangazo ya michango kila Dominika. Lakini deni la zaka, kama lipo, ni la mtu mzima. Mtembeleeni, mwulizeni mavuno yalikuwaje, mwonyeni kindugu. Msimshike mtoto wake rehani.

Simoni wa Samaria alitaka kuwapa Mitume fedha ili apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, na kwa jina lake Kanisa likaita usimoni dhambi ya kufanya biashara ya mambo matakatifu. Hatusemi kwamba viongozi wetu ni akina Simoni. Wengi wao ni watu waaminifu wasiokula hata senti ya Kanisa, na walitumia daftari kwa nia ya kuijenga nyumba ya Mungu. Lakini mtoto aliyeachwa nje hapati faida yoyote kutokana na nia yao njema.

Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Furaha ya Injili wa mwaka 2013, namba 47, alionya kwamba Kanisa si kituo cha kutozea ushuru bali ni nyumba ya Baba, na kwamba milango ya sakramenti haipasi kufungwa kwa sababu yoyote ile tu, hasa mlango huu wa kwanza, yaani ubatizo. Nao maaskofu wa AMECEA, walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, walitaka majirani wanaosoma Neno pamoja na kubebeana mizigo. Jumuiya inayomjua mama huyu kwa deni lake tu bado haijawa jumuiya.

Anayebatiza ni nani?

Mwaka 2020 Idara ya Mafundisho Sadikifu huko Roma iliulizwa swali lililoonekana dogo: je, mhudumu akisema “sisi tunakubatiza” kwa niaba ya wazazi, wasimamizi na jumuiya, ubatizo huo ni halali? Jibu lilikuwa hapana, na aliyebatizwa kwa maneno hayo alitakiwa kubatizwa kwa namna iliyo sahihi. Sababu yake ni nzito. Mhudumu anaposema “mimi”, Kristo mwenyewe ndiye anayebatiza kwa mkono wake. Jumuiya haibatizi, inampokea aliyebatizwa. Ninyi mmezoea kuona tukiandika “sisi” katika ukurasa huu, lakini tukifika kisimani neno hilo tunaliacha. Basi, ikiwa hata padre hana ruhusa ya kusema kwamba ubatizo ni wa jumuiya, mtunza daftari ameipata wapi ruhusa ya kuufungia kabatini?

Waliokuwa na bei

Tukumbuke tulikotoka. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua misioni ya Bagamoyo. Sehemu kubwa ya Wakristo wao wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao watoto. Kutoka pwani imani ilipanda bara hata ikafika milimani kwetu, Matombo na Mgeta. Watoto wale walikuwa wamepangwa sokoni na kutajiwa bei kama mbuzi. Walipofika kisimani hawakuwa na shamba, hawakuwa na baba wa kuwasemea, hawakuwa na cha kutoa. Watu waliokuwa na bei walipewa neema isiyo na bei. Huo ndio msingi wa Kanisa letu upande huu wa nchi. Leo mjukuu wa imani hiyo anaambiwa alipe kwanza!

Hata mila zetu zinatuhukumu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Akizaliwa, amekwisha kuwa wa ukoo. Mjomba wake hamwombi mama stakabadhi ndipo ampokee. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, mwaka 1994, ilichagua kulieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Kama sisi ni familia, itakuwaje ukoo uwe na huruma kuliko Kanisa?

Kufundisha si kutoza

Asitokee wa kutusingizia kwamba tumefuta mafundisho. Filipo alimfundisha kwanza yule towashi Mwethiopia wakiwa garini, ndipo wakashuka wote wawili majini. Alifundisha, hakutoza. Mtu mzima anayetaka kuwa Mkristo atapita katika ukatekumeni kwa uvumilivu, ajue anamwamini nani na anaacha nini. Wazazi wa mtoto watahudhuria semina. Msimamizi atakuwa Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, na kwa kawaida awe ametimiza miaka 16. Haya yanalinda tumaini ambalo kanuni ya 868 inalidai. Daftari la michango halilindi tumaini lolote.

Nanyi wazazi, msishangilie kana kwamba makosa ni ya viongozi peke yao. Wangapi kati yenu wamemweka mtoto mwaka mzima bila ubatizo wakingoja mbuzi anenepe, kitenge cha sare kipatikane na shangazi aje kutoka Dar es Salaam? Kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza. Karamu ni njema, lakini inaweza kungoja hata miaka miwili. Homa ya mtoto haingoji.

Na ikiwa mtoto yu katika hatari ya kufa, mvua inanyesha, njia zinateleza na padre yuko mbali, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa anaweza kubatiza. Mmiminie mtoto maji safi kichwani ukisema: “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Kisha mtoe taarifa ili jina liandikwe kitabuni. Mtakatifu Karoli Lwanga alikuwa mlei alipowabatiza wakatekumeni wenzake, akiwemo kijana Kizito, huko Munyonyo nchini Uganda mwezi Mei 1886, walipokuwa wakikingoja kifo. Hapakuwa na karamu wala kitenge cha sare.

Tunayoagiza

Kuanzia Dominika hii, barua ya jumuiya ya kumwombea mtoto ubatizo itajibu swali moja tu: nani atamlea mtoto huyu katika imani? Itajwe bibi, itajwe mjomba, atajwe msimamizi. Mama asiye na ndoa asiulizwe mbele za watu. Atakuja kwetu, nasi tutazungumza naye kama baba na binti yake. Barua yenye hesabu za michango tutairudisha bila kuisoma. Daftari liendelee kutunzwa, lakini siku ya ubatizo lifungwe.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Barua za namna hiyo tumezipokea na kuziona, tukakaa kimya kwa sababu mapato yalikuwa yanaongezeka. Tunaomba radhi, kwenu na kwa Mungu. Juma lijalo tutapanda mlima, pamoja na viongozi wawili waliokubali kufuatana nasi, hadi nyumbani kwa mama yule. Hatutachukua daftari. Tutamwomba msamaha, tutamwambia kwamba ubatizo wake wa utotoni haujafutwa na mto wowote, na tutamwomba atupatie heshima ya kumbatiza mtoto wake. Akikataa, tutakuwa tumestahili. Mtuombee asikatae.

Ndugu zangu, kutoka milima hii ya Uluguru maji ya Ruvu hushuka hadi Dar es Salaam, yakinywewa na watu wasiowahi kuiona Kinole. Mungu hakutuuliza kama tumelipia mvua. Tusimzuie kwa maji machache tu ya kisimani.

Mungu awabariki: Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni sisi, Paroko wenu.