Ukali wa Bwana Boone

Wako walimu wasemao kwamba kijana hawi mtu ila kwa ukali, nao humtaja marehemu Herman Boone, mwalimu wa mpira wa Kimarekani (ule ushikwao mikononi) katika shule ya T. C. Williams, mjini Alexandria, Virginia. Mwaka 1971, shule tatu za mji zilipounganishwa, timu yake ilishinda michezo yote 13. Mkali alikuwa, sikatai. Lakini kambini Gettysburg aliwachanganya vyumbani vijana weusi na weupe, akawatoza jasho sawasawa. Na udugu huo ndio waliousimulia hata uzeeni. Ukali wenyewe ulimponza: mwaka 1979 aliondolewa kwa tuhuma za kuwatesa wachezaji. Wapenda fimbo, mbona mwaka huo hamwutaji?