Bustani ya Kiangazi na Haki ya Mwenye Mtungi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Miezi ambayo Kaskazi huvuma huko pwani, Desemba hadi Februari, huku Kakamega ni miezi ya kiangazi. Nchi hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka, na mgeni aliyefika mwezi wa Mei hudhani ardhi hii haijui kiu. Lakini ifikapo Januari mahindi yamekwisha vunwa, nyasi za njiani zimepauka, na fungu la mboga sokoni limepungua ukubwa huku bei ikipanda. Hapo ndipo bustani ndogo ya nyuma ya jiko huwa na thamani kuliko wakati wowote. Tangu misafara ya Waswahili ilipofika Mumias katika karne ya 19 na Uislamu ukaota mizizi huko, pwani na nchi hii zimekuwa na udugu. Na wako mabinti wetu walioolewa huku. Kwao, na kwa kila mama mwenye kitanda kimoja cha mchicha, tunaelekeza maneno haya.

Tuanze na maji, kwani ndiyo mzigo wenyewe. Kitanda cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 huhitaji, kwa makadirio, mtungi mmoja wa lita 20 katika siku ya jua kali. Vitanda vitatu ni lita 60, nazo ni kilo 60 za kubebwa kutoka kisimani au mtoni kila siku, juu ya maji ya kupikia, kufulia na kutawadhia. Aghalabu mbebaji ni mama, au binti aliyerudi kutoka shule.

Basi jambo la kwanza ni kuupunguza mzigo huo. Wakati wa mvua vitanda huinuliwa ili maji yasituame. Kiangazi tufanye kinyume. Kitanda kichimbwe kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha vidole vinne, maji yabaki penye mizizi. Kisha udongo ufunikwe kwa matandazo: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu ya migomba, maganda ya maharagwe. Msitu wa Kakamega hujitunza kwa njia hiyo hiyo, kwani chini ya miti yake udongo haukai uchi. Matandazo yasigusane na shina, na yakaguliwe mara kwa mara, maana mchwa huyapenda. Maji yamwagwe asubuhi mapema au baada ya Alasiri, tena penye shina, si juu ya majani.

Maji ya udhu nayo yasipotee. Katika madhehebu ya Imam Shafi, maji yaliyokwisha tumika katika udhu wa faradhi hubaki tohara, ila hayafai kutawadhia tena. Beseni likiwekwa chini ya birika, nyumba ya watu sita wenye kuswali itapata maji ya kuinywesha miche kadhaa bila safari ya ziada.

Jambo la pili ni kuuandaa udongo. Chungu la mboji likianzwa Desemba, kwa tabaka la majani makavu, tabaka la mabichi na tabaka la samadi, likinyunyiziwa maji kidogo na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu, huwa tayari mvua ndefu zinapoanza mwezi wa Machi. Udongo wa sehemu nyingi za huku una uchachu, na majivu kidogo ya kuni husaidia kuupunguza. Mnavu ukatwe ncha ili uchipue matawi. Mgagani na mlenda hukimbilia kutoa maua jua likizidi. Iachwe michache iliyo bora ikomae kwa ajili ya mbegu.

Sasa tufike kwenye haki. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mazao yanayonyweshwa na mvua hutolewa zaka ya sehemu moja katika kumi, na yanayonyweshwa kwa kuteka maji, sehemu moja katika ishirini. Mboga hazimo katika zaka kwa madhehebu yetu, lakini tuitazame hekima iliyomo: sheria ya Mwenyezi Mungu imeupima uzito wa ndoo, ikampunguzia nusu aliyeubeba. Itakuwaje nyumba ya Kiislamu isiupime?

Kwa hivyo baba na vijana wa kiume nao washike mitungi. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ulipofika akatoka kwenda kuswali. Binti naye asikoseshwe masomo kwa ajili ya sukuma wiki.

Na mboga ikizidi ikauzwa, pesa ni za nani? Katika Suratun Nisaa, aya ya 32, tunafundishwa kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Mama akipenda kuongeza kutoka mfukoni mwake, hiyo ni ihsani yenye malipo kwa Mola wake, wala si deni analodaiwa. Ikiwa shamba ni la mume na jasho ni la mke, wakubaliane mapema, kabla ya mbegu kuingia ardhini, ili fungu la sukuma lisije likawa fitina.

Mwisho, jirani asisahauliwe. Katika hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), chochote aliwacho mtu, ndege au mnyama kutoka katika mmea wa Mwislamu huandikwa kuwa sadaka kwa aliyeupanda. Januari, mboga inapokuwa adimu, konzi moja ya mnavu kwa mjane wa jirani ni sadaka nzito.

Mwenyezi Mungu abariki mikono inayoteka na inayopanda. Wabillahi tawfiq.